Mashine Iliyofunguka kwa Kila Mtu

Renatha alizaliwa Muleba, akajifunza kupiga chapa Bukoba, akaolewa Karagwe. Mumewe, Yustus, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Nyakahanga. Kwa miaka mingi Renatha alipiga chapa katika ofisi moja ya Kayanga: barua za uhamisho, taarifa za kahawa, mihtasari ya vikao. Wakubwa walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno. Aliyoyachapa mchana, jioni hata Yustus hakuyasikia.

Sifa hiyo ndiyo iliyompeleka kambini. Mwaka 1995 wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wamejaa katika mabonde ya Karagwe, na kulikuwa na shirika lililowatafutia watu ndugu zao waliopotea. Lilihitaji mwanamke mtulivu, anayesikia lugha za huku na anayejua kuchapa. Wakampa chumba kimoja cha bati pembeni mwa kambi, meza, na benchi la wageni. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kuandika: nani alionekana wapi mara ya mwisho, alivaa nini, ana alama gani mwilini.

Mwanzoni aliandika kwa mashine ya kupigia chapa. Kisha ofisi ya Mwanza ikaleta kompyuta mbili za kukunja, za kampuni mbili tofauti, zijaribiwe. Moja ingebaki Karagwe, nyingine ingepelekwa Ngara. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu, nzito, na vitufe vyake vilikuwa vigumu. Ya pili ilikuwa nyeusi, nyepesi, na betri yake ilikaa muda mrefu. Msimamizi wa ofisi, kijana mmoja wa Bukoba aitwaye Cassian, aliipenda nyeusi tangu alipoifungua.

"Mama Adventina," alimwambia Renatha, akimwita kwa jina la binti yake, "hiyo ya kijivu kampuni yake mimi siijui. Ikiharibika, fundi gani ataigusa? Hii nyeusi ina jina. Hata Dar es Salaam ofisi kubwa zinatumia hizi."

"Lakini ya kijivu inauliza neno la siri kabla ya kufunguka. Hii haimuulizi mtu."

"Na hapa nani anajua kuifungua, zaidi ya mimi na wewe?"

Renatha aligeuza kichwa. Nje ya dirisha watu walikuwa wamepanga foleni ya maji, maelfu ya watu ambao jana yao hakuijua. Miongoni mwao walikuwamo walimu, makarani, wanajeshi. Aliwaza kwamba mtu aliyeishi mjini Kigali huenda ameziona kompyuta nyingi kuliko Cassian. Hakusema. Ya kijivu ikapelekwa Ngara.

Nyirabageni alikuja kipindi cha kuchuma kahawa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkulima, aliyezoea kukaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayetaka kuondoka. Alikuja mara kadhaa bila kusema lililomleta. Aliuliza habari za watoto, akauliza mvua, akaondoka. Siku aliyoamua, alifunga mlango mwenyewe.

Alikuwa na kaka, Mbonimpa. Nyumbani kwao watu walipogawiwa mapanga, Mbonimpa alilikataa lake. Alijificha, akaona yaliyotendeka na waliotenda, na baadhi yao sasa walikuwa humu humu kambini, wakiheshimiwa, wakisimamia mgao wa chakula. Kwa hiyo kaka yake hakuthubutu kuingia kambini. Alikuwa kijijini Bweranyange, kibarua katika kibanja cha migomba cha mzee mmoja mwenyeji, Polikarpi, akijiita Athanasi. Nyirabageni alitaka shirika limtoe, limpeleke mbali, popote.

"Nitawaandikia wakubwa," Renatha alimwambia. "Lakini lazima waelezwe yote. Jina lake la kweli, mahali alipo, anavyofanana."

Nyirabageni aliitazama kompyuta. "Hicho kinasikia?"

"Hakisikii. Kinaandika ninachokiandika mimi tu."

Basi akasema yote. Mrefu, kovu juu ya jicho la kushoto, mguu mmoja mzito tangu alipoangushwa na ng'ombe utotoni. Anapenda kuimba anapopalilia. Jina la baba, jina la kilima walikozaliwa. Renatha aliyachapa moja baada ya jingine, na alipomaliza alihisi anamjua mtu huyo kuliko majirani zake wengi, ingawa hakuwahi kumtia machoni.

Majibu ya Mwanza yalikuwa bado hayajafika pale mzee mmoja mwenye koti la mvua alipoingia ofisini, amechoka kwa mwendo. Renatha alimwamkia shikamoo, akamvutia benchi. Alikuwa Mzee Polikarpi.

"Nimeambiwa nyinyi mnatafuta watu waliopotea," mzee alisema. "Mimi nimepotelewa na kibarua wangu, Athanasi."

Alisimulia kwamba walikuja wanaume watatu, mchana kweupe, watu wakiwa kwenye kahawa. Hawakumuulizia Athanasi. Walisimama kwenye ukingo wa migomba, mmoja akaita: Mbonimpa. Akataja na jina la baba yake.

"Nikawaambia hapa hakuna mtu wa jina hilo. Na kwa kweli sikuwa nalijua. Lakini Athanasi aliweka kikapu chini, akageuka. Mtu akiitwa kwa jina alilopewa na mama yake, mwanangu, shingo inageuka yenyewe. Akawafuata. Hata hakunitazama. Nilikwenda polisi, tukatafuta mpaka kando ya Mto Kagera. Tulikuta viatu vyake vya mpira, vimesimama pamoja kama mtu amevivua kuingia nyumbani."

Renatha alimsindikiza mzee mpaka njiani. Aliporudi aliifungua ile kompyuta. Kila faili huonyesha siku lilipohifadhiwa mara ya mwisho. Faili la Nyirabageni yeye alilifunga katikati ya juma na hakuligusa tena. Mashine ilisema limehifadhiwa Jumapili. Jumapili hiyo Renatha alikuwa kanisani, na baada ya misa alikwenda kumtazama jirani aliyejifungua.

Alimuuliza Cassian. Hakumficha.

"Niliwaazima kompyuta wale wa mgao wa chakula. Walikuwa na orodha ndefu ya kuchapa, na mashine wao wanaijua vizuri kuliko mimi. Mmoja alikuwa karani wa benki kwao." Kisha, kama aliyeanza kusikia maneno yake mwenyewe, akakaa chini. "Mama Adventina, wao waliomba kuchapa tu."

"Najua."

"Haikuwa na kufuli. Ingekuwa na kufuli wangeniomba neno, ningejiuliza wanataka nini."

Renatha angeweza kukaa kimya, na Nyirabageni asingejua kamwe. Habari za kambini ziliweza kutoka mahali popote. Yustus mwenyewe alimshauri anyamaze, akihofia hao watu wa mgao. Hata hivyo alimtafuta Nyirabageni hemani kwake, akakaa naye kwenye mkeka, akamweleza: viatu, wanaume watatu, Jumapili, orodha ya chakula. Nyirabageni alisikiliza huku akichambua maharage. Mikono haikusimama.

"Nilikuambia wewe," alisema mwishoni. "Sikuiambia mashine."

Hakusema zaidi, siku hiyo wala baadaye. Desemba ya mwaka 1996, wakimbizi waliporudishwa kwao, Renatha alisimama kando ya barabara akitazama ule msafara wa magodoro na masufuria, mvua ikinyesha. Nyirabageni alipita karibu naye kiasi cha kumgusa, akaenda zake.

Shirika lilifunga ofisi. Cassian alihamia Mwanza, na kompyuta nyeusi akaenda nayo. Renatha akabaki na mtu ambaye hakuwahi kumwona. Hilo ndilo lililomtesa. Angekuwa na sura ya kukumbuka, labda angeizika. Lakini alikuwa na maneno tu: mrefu, kovu, mguu mzito. Kila mwanaume mrefu mwenye kuchechemea alikuwa yeye. Siku moja mnadani Kihanga alimfuata mtu mmoja kutoka kwenye mbuzi mpaka kwenye vitenge, hadi yule mtu akageuka.

"Mama, unanitafuta mimi?"

Hakuwa na kovu. Alikuwa na uso wa mtu mwema, aliyechoka. "Samahani, baba," Renatha alijibu. "Nimekufananisha." Yule akataka kujitambulisha, kwa adabu tu, na Renatha akamkatiza. "Usinitajie jina lako, tafadhali." Akamwacha amesimama na vitenge vyake begani.

Mwaka 1998 parokia moja ilifungua kituo cha ushauri kwa wenye UKIMWI. Sista aliyekisimamia alimwajiri Renatha, na zilipokuja habari za kununua kompyuta akamwomba achague. Muuzaji alitoka Mwanza na picha za rangi. Alisifia kasi, akasifia kampuni, akasema hii inaaminika dunia nzima.

"Inaaminika na nani?" Renatha aliuliza. "Anayeiuza au anayeandikwa ndani?"

Alimuuliza ikiharibika inapelekwa wapi, na fundi akiifungua anaona nini. Alimuuliza kilichofutwa kinakwenda wapi. Muuzaji alijibu mawili matatu, mengine akasema atauliza. Mwishowe walinunua yenye kufuli. Sista akaridhika. Renatha aliitumia kwa barua na hesabu za dawa. Majina ya wagonjwa hakuingiza hata moja. Sista alipouliza, alimjibu kwamba anayo kichwani, na kweli alikuwa nayo: nani ameambukizwa, mume gani hajui, binti gani amekuja kwa siri. Kumbukumbu yake haikukosea. Watu wakajua, wakaja kutoka mbali, hata Kyerwa, wakamweleza yeye peke yake, mlango umefungwa.

Asubuhi moja, wakinywa uji, Yustus alimtazama mkewe.

"Kemirembe ni nani?" akauliza.

Renatha aliweka kikombe chini. Kemirembe lilikuwa jina la nyumbani la mke wa mwalimu aliyefundisha na Yustus. Mwanamke huyo alikuwa amekuja kituoni juma lile.

"Umelisikia wapi jina hilo?"

"Unalitaja usingizini. Na mengine." Yustus aliinamia uji wake. "Siku hizi unaongea sana usingizini, Renatha. Mimi nageukia ukutani, najaribu nisisikie."

"Nilisema nini tena?"

"Usiniulize."

Hakumuuliza. Jioni hiyo alihamishia godoro lake kwenye kibanda cha nyuma walimokuwa wakiweka ndizi za kuiva, akasafisha sakafu, akaziba nyufa za dirisha kwa matambara. Adventina alimsaidia kubeba mablanketi, akauliza kama baba na mama wamegombana.

"Hapana," mama yake alimjibu. "Baba yako ni mtu mzuri. Niletee na lile komeo la zamani, lipo chini ya meza."

Binti akalileta. Renatha akalipigilia misumari mwenyewe, kwa ndani.