Maji ya Kisimani

Juzi nilipita Majengo baada ya ibada, nikakuta zahanati yetu ya zamani imegeuzwa stoo ya alizeti. Benchi la saruji la kina mama lipo palepale. Nilikaa, ndugu yangu, miguu ikakataa kuondoka.

Miaka ile ya utoto wangu, sukari na sabuni zilikuwa zimeanza kurudi madukani. Kila Jumatatu nesi aliwafundisha kina mama kwenye benchi hilo: kuchemsha maji, kunawa mikono, kumchanganyia mtoto anayeharisha maji ya sukari na chumvi.

"Nesi, mtoto akimaliza sukari, ya chai ya baba yake utatoa wewe?" jirani yetu alimtania.

"Mwambie baba yake anywe uji!"

Wote wakacheka isipokuwa bibi yangu, aliyekuwa akitulea mimi na mdogo wangu. Yeye alikuwa akikariri kipimo kwa Kigogo, midomo ikicheza kama anayesali.

Mdogo wangu alipoanza kuharisha, bibi alinipa ndoo. "Kachote bombani, mjukuu wangu. Usiende kisimani." Maji ya kisima yalikuwa na chumvi, tuliyatumia kufulia tu. Lakini bombani foleni ilikuwa ndefu, na wenzangu walikuwa wanacheza rede. Nikachota kisimani.

Bibi akayachemsha, akapima sukari, akapima chumvi, akamnywesha. Mtoto akageuza uso. "Kunywa, baba, ndiyo dawa." Alimnywesha kutwa nzima kwa kijiko. Asubuhi yake mtoto alilia bila machozi.

Tukamkimbiza zahanati pamoja na maji yaliyobaki. Nesi alionja yale maji, akatema. "Mama, umezidisha chumvi."

"Nilipima kama ulivyotuonyesha, mwanangu."

"Maji mlichota wapi?"

"Bombani," alisema bibi, akanitazama nimthibitishie. Nikaitikia kwa kichwa.

Tulimzika kesho yake.

Jumatatu iliyofuata bibi alirudi kwenye benchi, akaomba aonyeshwe kipimo upya. Alikwenda kila Jumatatu mpaka zahanati ilipofungwa, kijiko chake cha chai amekifunga kwenye pindo la kitenge. Kina mama wengine walianza kumkwepa. Nesi hakuwahi kumfukuza.

Mungu amenitunza, namshukuru, nami niliungama kwake zamani, naamini amenisamehe. Bibi sikumwambia. Alikufa akiamini ni mkono wake uliokosea. Juzi niliketi pale alipokuwa akiketi, mwishoni mwa benchi, nikayasema yote kwa sauti. Kijana wa stoo akaniuliza, "Shikamoo mzee, kuna mtu unamsubiri?"