Namba Sita wa Mbio za Nyika

Mtu akiniambia kuwa Dalmas Oduor hakuwahi kukimbia kwa niaba ya shule yetu, damu inanichemka. Halafu nakumbuka ni mimi, Waliaula, niliyefanya watu waamini hivyo, na hasira inanigeukia mwenyewe. Basi leo nasema. Mkitaka kunitukana, nitukaneni, nimeshajitukana vya kutosha.

Mwaka wa 1986 tulikuwa kidato cha tatu, hapa hapa Kisumu. Wakimbiaji tulikuwa saba na fulana za mbio zilikuwa sita, kijani kilichochujuka kama maji ya sukuma wiki. Mwalimu Obiero alitutoa kitandani kila alfajiri, tukimbie hadi Dunga, tuguse maji ya ziwa, turudi kabla ya uji. Mbele alikuwa kapteni wetu Dishon na wenzake wamemganda mgongoni, mimi nawahemea kisogoni. Nyuma kabisa, peke yake, Dalmas. Wanawake wa samaki walitushangilia sisi, na yeye alipopita walikuwa wameshainama tena kwenye karai zao. Alifika uji umepoa. Alikunywa vivyo hivyo, amekaa mwisho wa benchi, na sikumbuki hata mmoja wetu akimsogelea. Mimi nikiwemo!

Alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Seline, mjane wa mtaa wa Obunga aliyekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwandani nyama ikishatolewa. Jumapili Dalmas alirudi kutoka kwao akinuka mafuta ya karai, nasi tulimtania mpaka anyamaze.

Sasa, kwa asiyejua, mbio za nyika si za mtu mmoja. Nafasi za wakimbiaji sita wa kila shule hujumlishwa, na jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Hata ukiwa na Dishon wawili mbele, namba sita akilegea mmekwisha. Wiki moja kabla ya mbio za mkoa niliteguka kifundo cha mguu. Mwalimu Obiero akachukua fulana yangu akamtupia Dalmas.

"Wewe maliza tu," alimwambia. "Usife, usisimame."

Siku ile jua lilikuwa kali, haki ya Mungu, mpaka mbuzi walijificha. Watano wetu wakaingia vizuri, wakaenda kujimwagia maji kwenye tangi nyuma ya madarasa. Nilibaki kwenye kamba ya mwisho na mguu wangu uliofungwa kitambaa. Nilikuwa nimeshajumlisha kwa kijiti mchangani, na nilijua tunamhitaji Dalmas kabla ya vijana wawili wa wapinzani wetu. Akatokea kwenye kona ya mikonge akiwa nyuma yao wote wawili.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Dalmas alimpita wa kwanza pale penye kichuguu, kwa upande wa kushoto. Wa pili alimpita hatua nne kutoka kwenye kamba, macho yamegeuka meupe, hata haoni anakokwenda. Akavuka, akaanguka kifudifudi. Nilimgeuza, akaniangalia asinijue. Tulikuwa tumeshinda mkoa, na kati yetu wanafunzi aliyeona tulivyoshinda ni mimi tu.

Mpiga picha alikuwa na baiskeli yake na haraka zake. Filamu ilibakisha picha moja. Dalmas alikuwa amelazwa barazani, ananyweshwa glukosi na kuitapika. Mwalimu Obiero akasema pengo litaharibu picha ya kutundikwa ofisini. Akamvua Dalmas ile fulana, imelowa chepechepe, akanipa.

"Vaa, simama hapo pembeni. Ni picha tu."

Nikavaa. Hata nikacheka, kwa sababu ilikuwa baridi mwilini.

Muhula uliofuata ilikuja siku ya wazazi. Mama Seline alivaa gauni la kanisani, akaingia ofisini moja kwa moja amwone mwanawe ukutani. Hakujua kusoma, lakini nyuso anazijua. Aliipitishia kidole picha ile mara mbili. Nami, bahati mbaya yangu, nilikuwa mlangoni.

"Baba, Dalmas yuko wapi hapa?"

"Hayuko, Mama," nikasema.

Ningeongeza maneno matano tu! Kwamba alikimbia, alikuwa akitapika, fulana ni yake. Lakini wazazi wengine walikuwa wakinionyesha kidole na kunong'ona kuwa huyo ndiye mmoja wao, na mimi, mjinga, nilipenda kunong'onwa. Mama alitoka bila kumsubiri mwanawe. Tangu siku ile Dalmas hakuja tena Dunga. Muhula ulipokwisha, hakurudi shuleni.

Miaka ikapita. Popote tulipokutana, harusini, stendi, Dishon na wenzake walinisihi niwasimulie ule mwisho, maana wao hawakuuona. Nikasimulia kichuguu, upande wa kushoto, hatua nne. Mwanzoni nilisema "Dalmas akampita." Baadaye nikawa nasema "namba sita akampita." Wao wenyewe walikuwa wameshausahau mguu wangu, walichokumbuka ni ile picha ya ofisini. Siku moja Dishon akanipiga bega, "Omera, ndugu yangu, wewe ulikuwa simba!" na nikaacha yapite. Aka! Yalipita miaka na miaka.

Mwaka wa 1996 tulimzika Mwalimu Obiero kwake Seme. Kwenye matanga huku, kila kundi huitwa mbele liseme neno: wa kanisa, wa kazini, waliofundishwa. Tulipoitwa wanafunzi wake, Dishon akashika maikrofoni, akatutaja mmoja mmoja. Alipofika kwangu alipaza sauti.

"Na huyu ndiye namba sita! Bila yeye Mwalimu hangepata kombe lolote!"

Watu wakapiga makofi. Nikainua mkono. Ndiyo, niliuinua. Ukiwa bado juu nikamwona Dalmas kwenye ua wa michongoma, kashika baiskeli, shati limefungwa hadi shingoni kama mtu aliyetarajia kuitwa. Hakukunja uso. Aligeuza baiskeli, akatoka polepole, na hakuna aliyeuliza nani huyo.

Sikulala. Asubuhi nikaenda Manyatta, kwenye kibanda anachotengenezea baiskeli. Anaishi peke yake nyuma ya hapo hapo, chumba kimoja. Alinisukumia kopo la rangi nikalie. Nikamwambia yote bila kujitetea: ofisi, mamake, maikrofoni. Nikasema nitazunguka kwa Dishon na wote, nyumba kwa nyumba. Nilitaka anipige, kusema kweli. Aliendelea kunyoosha spoku za gurudumu.

"Ule mwisho," akasema hatimaye, "ulikuwaje?"

"Kwani hukumbuki?"

"Nakumbuka mikonge. Baada ya hapo, glukosi."

Nikamsimulia. Kichuguu, upande wa kushoto, yule wa pili hatua nne kutoka kwenye kamba. Mikono yake ikaacha kazi.

"Tena," akasema.

Nikarudia, safari hii polepole, na jinsi nilivyoliita jina lake kwa kelele. Akataka mara ya tatu. Uso ulikuwa umemlegea, na nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba nimemfurahisha.

"Mama aliniuliza hivyo hivyo jioni ile ya siku ya wazazi, nilipomfuata nyumbani," akasema. "'Kama kweli ulikimbia, niambie uliwapitaje.' Nikamwambia sijui. Akasema mtu aliyekimbia hawezi kukosa kujua."

Nikasimama. Nikamwambia avae viatu, twende Obunga sasa hivi, nimweleze mamake mwenyewe, nipige magoti nikilazimika.

"Kaa chini, Waliaula," akasema. "Tulimzika mwaka juzi."