Reli Niliyomwekea Mama Mkwe

Nikikumbuka siku ile bado natazama chini, na sijui kama nitaieleza sawasawa (shule yangu iliishia darasa la nane), ila nitajaribu nisimwonee mtu.

Mama mkwe alikuja kwetu Missouri City, hapa Texas, mwaka 2019, mke wangu Nasimiyu alipojifungua Nekesa kwa upasuaji. Alikuwa akae mpaka mtoto atambae. Magoti yake ni mabovu, chumba chake kilikuwa juu, na reli ya ngazi ilikuwa imeoza tukaing'oa. Angekuwa mtu mwingine ningemshika mkono, lakini sisi Wabukusu na mama mkwe hata salamu ya mkono hatupeani, kwa hivyo nikasema nitaweka reli mpya ya mbao mwenyewe, apande na ashuke bila kunihitaji.

Vijiti vya kushikilia reli nilivipanga vikanyooka, nikapaka vanishi. Kosa lilikuwa nguzo ya chini. Ilitakiwa nikate kapeti niifunge kwenye mbao za sakafu, nami nikaionea kapeti huruma, nikaisimamisha juu yake kwa skrubu fupi na gundi. Nasimiyu akaitikisa. "Baba Nekesa, mbona inacheza?" Nikamwambia gundi haijakauka. Aliuliza, siwezi kumlaumu.

Jumapili watu wa kanisa wakaja kuona mtoto, sebule ikajaa, na mama akaanza kushuka na kitenge chake kipya, mimi nimesimama chini naringia kazi yangu, akafika katikati akaegemea vizuri, nguzo ikang'oka, reli ikafuata, vijiti vikamwagika kama kuni, mama akaja mbele, nami bila kufikiri nikamdaka, tukaanguka wote wawili, nimemkumbatia mama mkwe kifuani mbele ya wageni wote.

Rafiki yangu Shikuku akasema, "Ndugu, kwani hivi vijiti ulivigandisha kwa ugali?" Wawili watatu wakacheka. (Alitaka kuniokoa, najua.)

Mama hakuumia. Alijifunika uso kwa leso. "Nasimiyu, mpigie dada yako simu, aje anichukue."

Shemeji aka-drive kutoka Fort Worth siku hiyo hiyo. Nasimiyu akabaki na kidonda chake na mtoto, na hakunitukana hata mara moja, afadhali angenitukana.

Nekesa alipotambaa, nyanyake alimwona kwenye simu. Mimi ndiye niliyeishika hiyo simu, uso nimeugeuzia ukutani. Kazi ya mbao sitaigusa tena.