Shikamoo kwa Mnara wa Upepo

Niliamini, kwa akili zangu zote na cheti nilichokisotea shule ya usiku, kwamba ndani ya mnara wa upepo wa nyumba moja ya kale, Bur Dubai, alizikwa mzee wa kwetu akiwa wima. Enzi hizo kazi yake ilikuwa kumpepea tajiri. Alipokufa wakamjengea humohumo, aendelee. Ukimwamkia kwa adabu, anakushushia baridi.

Aliyenieleza ni mlinzi mwenzangu, Mganda, niliyepokezana naye lindo la mlangoni. Basi kila mchana, jua likinikaanga utosi hadi kofia inanukia maandazi, nilijipenyeza chini ya mnara, nikainua uso. "Shikamoo, babu." Na wallahi upepo ulishuka, nikatetemeka kama samaki wa barafuni. Niliipenda nyumba ile kuliko kitanda changu: kuta za matumbawe nene kama ubishi wa arbab, tajiri wetu wa kazi, mlango wa nakshi, boriti zilizochomoza mnarani kama miiba ya nungunungu.

Ikatokea nafasi moja ya kutembeza wageni. Kazi ya ndani, kivulini. Nilikuwa nimeshaanguka mara mbili kwa jua, na daktari akanionya kwamba nikianguka tena huenda nisiamke. Tuliojaribiwa ni mimi na Mganda.

"Anza wewe, kaka," akaniambia, akinifunga kifungo cha shingo. "Usimsahau babu. Wageni wanapenda mambo ya babu."

Msimamizi, madam wa Kiarabu aliyezaliwa Unguja, akatukabidhi kundi la watalii. Nikawasimamisha chini ya mnara, nikawapa habari za mzee, mpaka kucha zake zinazoendelea kuota. Nikawafundisha shikamoo. Wakaamkia, maskini, shingo zimewakakamaa. Nyuma ya nguzo Mganda alikuwa ananirekodi kwa simu, meno yote nje. Kicheko kikamponyoka, watalii nao wakaangua. Mmoja akaniomba niamkie tena, picha yake haikutoka vizuri.

Zamu yake ilipofika, Mganda alieleza kila jiwe bila kumtaja babu yeyote. Akapewa kazi palepale.

"Yalla, mlangoni," akaniambia, akinivisha kofia. "Jua linakuulizia."

Nilimfuata madam kumuuliza nimekosea wapi. Hakupandisha sauti.

"Mule hamna mtu, mwanangu. Mnara una matundu pande nne. Upepo huingia juu, hugonga kuta za ndani, hushuka chini. Basi."