Nozeli Mbili na Bukta Moja

Hadithi hii inanifanya nionekane mjinga, tena mjinga aliyevaa bukta yenye kiraka. Naisimulia mwenyewe kwa sababu pale karakana wanaisimulia vibaya. Wao wanaanzia kwenye bukta. Mimi naanzia kwenye nozeli.

Nilikuwa nafanya kazi karakana ya shamba la mkonge, Kilosa, mashamba yakiwa yameshachukuliwa na serikali. Kazi yangu ilikuwa matrekta. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo kwenye karatasi nilikuwa kibarua, ingawa trekta likigoma nilikuwa naitwa mimi. Fundi anapewa ovaroli mbili na sanduku la spana lenye kufuli. Mimi nilikuwa na ovaroli moja na spana za kuazima.

Pale shambani alikuwa amebaki mzee mmoja Mgiriki, mhandisi wa mitambo. Huyu mzee alikuwa anaunda ndege. Usicheke. Ndege ya watu wawili, mbao na kitambaa, ndani ya ghala la zamani la nyuzi. Alitaka iruke mpaka Mikumi na kurudi. Injini aliing'oa kwenye gari, na ilikuwa injini ya ajabu: haina pistoni hata moja, ndani mna kitu cha pembe tatu kinazunguka tu kama mlevi anayetafuta mlango. Kabureta yake ilikuwa inakohoa, basi mzee akaagiza nozeli mbili za kunyunyiza petroli. Zikaja na treni kwenye kiboksi kama cha chaki. Lakini mikono yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka, hawezi kuzifunga.

Mkuu wa karakana, bwana mmoja wa suti ya kaunda aliyetoka chuo juzijuzi, akasema ataagiza fundi Morogoro.

"Nozeli ni nozeli," nikasema. "Nafunga mimi."

"Wewe wa darasa la saba?"

"Ndugu mkuu, kila Jumatatu unatuhutubia kujitegemea. Leo Jumanne tu, umeshasahau?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akachukua chaki akaandika kwenye mlango wa karakana maneno mawili: FUNDI upande huu, KORONA upande ule. Korona ni ile mashine ya kuchakata mkonge. Unaibebea majani, na maji yake yanawasha mpaka unajikuna ukiwa usingizini.

"Injini ikiwaka nafuta Korona," akasema. "Isipowaka nafuta Fundi, na kesho yake unabeba majani."

"Andika kubwa zaidi," nikamwambia, "usije ukasema baadaye hukuona."

Nikaingia kazini. Nikachomoa waya wa koili uliokuwa unanizuia, nikauning'iniza kwenye bawa, nikatoboa bomba la kuvutia hewa matundu mawili ya mshazari. Kwenye trekta nozeli unaikaza kwa nguvu zako zote. Hapa mzee alinishika mkono. "Taratibu. Hii unaiketisha tu." Nikapaka oili pete za mpira, nikaziketisha nozeli, nikazibana na kipande cha bati. Hata mimi mwenyewe niliona kazi imependeza.

Siku ya kujaribu walikuja wote, mpaka akina mama wanaoanika nyuzi. Ndege tukaitoa ghalani mpaka mbele ya karakana, tukaifunga mkia kwenye trekta. Mzee akawasha pampu, akabonyeza stata. Pangaboi likazunguka, likazunguka, kimya. Mara ya pili, kimya.

"Majani yanakungoja," mkuu akasema, huku anatia sigara mdomoni.

Nikawaza kama mtu wa dizeli: trekta likigoma namna hii, mafuta yameingia upepo. Unalegeza nati ya bomba, unautoa. Nikalegeza nati. Pampu ilikuwa bado inanguruma.

Petroli ilinipiga kifuani kama ndoo ya maji, ikaniteremkia mpaka kwenye viatu, nyingine ikamrukia mkuu kwenye kaunda yake. Tayari alikuwa na kiberiti mkononi.

"Kiberiti chini!" mzee akapiga kelele, akazima pampu.

Mkuu akakitupa kiberiti huko. Mimi nikavua ovaroli hapo hapo, nikabaki na bukta, kiraka chake cha gunia la unga kiko nyuma. Akina mama wakapiga vigelegele.

Mkuu akaenda moja kwa moja mlangoni, kitambaa mkononi, afute neno. Nikamkimbilia na bukta yangu, nikasimama mbele ya FUNDI, mgongo kwenye mlango.

"Toka hapo."

"Sitoki. Nimelowa, sijashindwa. Usifute."

"Kavae nguo kwanza!"

"Nguo siyo injini!"

Nikiwa nimesimama pale, nimewaelekea watu wote wanaonicheka, ndipo nikauona: waya wa koili, unaning'inia kwenye bawa palepale nilipouweka. Trekta la dizeli halina koili wala plagi. Kichwa changu hakikuwahi kuwa na nafasi ya kitu kama hicho. Injini ilikuwa inakunywa petroli bila cheche.

"Sasa," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyejua tangu asubuhi, "tunarudisha waya."

Mzee akaugusa ule waya, akanitazama. "Petroli ile ingekuta cheche ya huu," akasema polepole, "ungekuwa umeungua."

Nikakaza nati. Tukaisukuma ndege upande wa pili wa ghala, tukangoja petroli ikauke, nami nikajimwagia maji na sabuni, kisha nikarudisha waya. Mzee akabonyeza. Ikawaka papo hapo, inavuma kama nyuki ndani ya debe, vumbi likatufunika wote. Mkuu alifuta KORONA mwenyewe.

Jumamosi mzee aliruka mpaka Mikumi na kurudi, nikaitazama ile ndege mpaka shingo ikauma.

Jumatatu mkuu akaja anasukuma pikipiki yake iliyogoma. Nikamsalimia vizuri tu, akaitikia, akatazama kulia na kushoto kama kuna mtu anasikia.

"Fundi," akasema, "hebu nitazamie hii. Ila leo nguo zibaki mwilini."