Sema Kila Unachowaza

Kazi ya Swabra ni kukaa kimya. Hutoka Gitega, Burundi, na simu ya majaribio, huketi kando ya mtu na kumwomba aitumie huku akisema kila anachowaza. Mtu akikwama, haruhusiwi kumsaidia. Hapo alipokwama ndipo watengenezaji huiona kasoro ya programu yao. Binti huyu wa fundi cherehani ameshika sharti hilo miaka minne. Watu wametokwa jasho, wamemtukana, naye hakunyoosha kidole.

Safari hii programu ilikuwa ya wanawake wanaopigwa nyumbani. Buhinyuza, mkoani Muyinga, alimpata Jovina, mkulima aliyekulia Tanzania, mwenye mkono uliovunjika zamani ukaunga vibaya. Mumewe, Kastori, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda mpakani Kobero kubeba mizigo ya malori.

"Sema yote, dada. Mi nasikiliza tu," Swabra alisema, akawasha kinasa sauti.

"Nabonyeza hapa pekundu," alisema Jovina. "Wanauliza amenipiga na nini. Kuna ngumi, kuna kisu. Mpini haumo. Hawa hawajaolewa. Basi, naweka ngumi. Natuma."

Simu ikapaza sauti ya kike hadi uani: taarifa yako ya kupigwa imepokelewa.

Kastori alikuwa uani. Malori hayakuvuka siku hiyo, akarudi mapema.

"Kumbe siku hizi unasemewa na mashine," alisema mlangoni, akashika mpini wa jembe.

Pigo la kwanza lilimpata Jovina begani, la pili sikioni. Damu iliruka juu ya kioo cha simu. Hakulia. Aliendelea kwa sauti ileile, kama alivyoagizwa: "Natafuta pa kuita msaada. Sipaoni. Kidole kinateleza. Anainua tena. Hili ni la kichwa."

Swabra alikuwa bado anasubiri Jovina ajinasue mwenyewe. Kisha akanyanyua kigoda alichokalia, akampiga Kastori kwenye kifundo cha mkono mpaka mfupa ukalia. Mpini ulianguka. Akampiga tena, gotini, akamburuta Jovina nje kwa majirani.

Gitega, mkuu wake Prosper aliisikiliza rekodi hadi mwisho.

"Dakika ya sita umeingilia jaribio," alisema taratibu. "Lazima niandike."

"Andika, shefu. Andika pia nilichelewa mapigo mawili."

Sauti ile ya kike iliondolewa kwenye programu wiki hiyohiyo. Jovina yuko Bukirasazi kwa dada yake. Sikio la kushoto halisikii.