Mstari Uliopaswa Kutangulia

Ninayo siku moja, mwanangu, isiyotaka kunitoka kichwani. Kwa kuwa umeniambia unataka kujifunza kuandika draiva za kompyuta, nitakupa hiyo kabla sijakupa kitabu chochote.

Wakati huo nilikuwa kijana, nina kiburi cha mtu aliyetoka chuo juzi, nimepanga chumba hapahapa Mikumi. Mradi mmoja wa maji ulinipa kazi. Kule Munisagara, kando ya mto Mkondoa, walitaka kufunga kifaa cha kupima kina cha maji, kiunganishwe na kompyuta ndogo ya kupiga honi mto ukijaa. Draiva, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa, niliiandika mimi peke yangu. Dada yangu Mwajuma na mumewe Rajabu walikuwa na shamba la mpunga bondeni hukohuko, na Rajabu ndiye aliyepewa kazi ya kukitunza kifaa. Niliwaambia walime bila wasiwasi, mimi nipo.

Kifaa kile kilishika tope sana, basi kila wiki Rajabu alikichomoa, akakiosha, akakirudisha. Kila kilipochomolewa, draiva yangu ilipaswa kufungasha vyake: isimamishe taima, saa ya ndani ya kompyuta iliyokuwa ikiita na kupokea vipimo kila baada ya muda, kisha ndipo irudishe nafasi ya memori ambamo vipimo viliwekwa. Mimi niligeuza. Nilirudisha memori kwanza, taima nikaisimamisha baadaye. Kati ya mambo hayo mawili hakuna hata muda wa kufumba jicho, lakini taima ikiita hapo katikati, inakwenda kuandika mahali ambapo si pake tena, na kompyuta nzima inaganda.

Na usidhani sikuonywa. Nilipokuwa nikiijaribu pale Kilosa mjini, kompyuta iliganda mara moja tu mbele ya macho yangu. Nikaizima, nikaiwasha, nikasema ni umeme. Huku kwetu kila kitu ni umeme, na wewe umo, usicheke. Nilirudia kuijaribu mara nyingi, haikuganda tena, nikafunga begi nikapanda basi.

Masika ile, asubuhi yenye jua zuri tu, Rajabu alikiosha kifaa, akakirudisha, akaona taa ya kijani inawaka. Taa iliwaka kweli, maana ilionyesha umeme tu, ila kompyuta ilikuwa imeshaganda pale alipokichomoa. Akashuka shambani. Mvua ilikuwa imenyesha kule juu, Kidete, maji yakashuka mchana kweupe na honi haikulia. Dada alikuwa amepanda nyumbani kufuata chakula. Rajabu tulimpata kesho yake.

Baada ya mazishi niliichukua ile kompyuta nikasoma nilichoandika. Kosa nililiona kabla chai haijapoa. Mistari miwili: nikaupandisha mmoja juu ya mwenzake, kazi ikaisha. Natamani ingekuwa kazi ya mwezi mzima, mwanangu, kazi ya kuniumiza macho. Ilikuwa ndogo mno, na udogo wake ndio unaonitesa.

Nilimwendea dada.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, hata ile siku ya Kilosa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ameilaza kwenye kanga yake.

"Mdogo wangu, mimi nikitaka kuhamisha bomba shambani, nazima pampu kwanza, ndipo nachomoa bomba. Hilo hawakukufundisha chuoni?"

"Walinifundisha, dada."

"Basi ulijua."

Hakuniuliza kingine, na mpaka leo hajaniuliza.

Sasa sikiliza. Kitu kinachoweza kuita, kinyamazishe kwanza, tena usubiri mpaka uhakikishe kimenyamaza, ndipo uondoe kile ambacho chenyewe kinakitegemea. Ulivyovichukua vitu kwa mpangilio, virudishe kinyumenyume, cha mwisho kuchukuliwa kiwe cha kwanza kurudishwa. Na mashine ikiganda hata mara moja tu, hesabu kwamba imeganda. Usinyanyuke pale mpaka ujue kwa nini, na umeme uuache, una lawama zake za kutosha. Sikuahidi kwamba ukifanya hivi utalala vizuri. Mimi nimefanya hivi miaka yote tangu pale, na sijaona kilichopungua moyoni.

Siku hizi honi ya Munisagara inalia sawasawa. Dada bado analima bondeni palepale. Honi ikilia au isilie, mawingu yakitanda upande wa Kidete anaacha jembe, anakwenda mwenyewe kuutazama mto.

Mungu akupe mikono mizuri, mwanangu, na akupe watu wa kuiamini kazi yako. Na siku wakikuamini, akuepushe usiwe kama mimi.